Tunatembea mwisho wa wiki, mimi na mke wangu: je, tunakosea?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wangu. Mimi ni kijana wa miaka 27, mke wangu ana miaka 24. Tulioana mwaka jana baada ya Idi, bado hatujajaaliwa mtoto. Tunaishi Tanga mjini, vyumba viwili vya kupanga. Mimi nafanya kazi ghalani Jumatatu hadi Ijumaa, mwenzangu anashona nguo nyumbani. Kwa kuwa anashinda kwenye cherehani, mimi huchota maji, huosha vyombo, na nguo nafua mwenyewe. Majirani wanasema nimelishwa limbwata. Kila baada ya wiki mbili au tatu tunafunga mlango Jumamosi asubuhi tunakwenda Pangani au Lushoto, tunalala, tunarudi Jumapili. Mama yangu hapendi kabisa, anasema tunakula bata na kuiga watalii. Safari ya mwisho mshahara ulichelewa, nikakopa shilingi 80,000 kwenye simu. Kuhusu swala, tunapunguza rakaa nne kuwa mbili kote tunakokwenda. Tukitoka Lushoto kurudi, Alasiri hutupitia ndani ya basi. Imetokea mara tatu au nne, na tukifika nyumbani usiku huilipa rakaa mbili, maana ilitupita tukiwa wasafiri. Tena mke wangu hupenda kuweka picha zetu kwenye status. Je, tunakosea wapi?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha. Mara ya pili nilipofika kwenye habari ya basi, moyo ulinishtuka. Nitakujibu yote, lakini hilo la basi ndilo lililonifanya nisilale kabla ya kukuandikia.

Al-Aswad bin Yazid, katika wanafunzi wa masahaba, alimuuliza Bibi Aisha (r.a.): Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake? Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani mwake, na swala ikiingia hutoka kwenda kuswali. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Ina vipande viwili, na naomba uvishike vyote. Kipande cha kwanza unacho tayari. Ndoo ya maji, vyombo na nguo ulizofua ni sunna ya mbora wa viumbe, ambaye imepokewa pia kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Jirani anayeita jambo hilo limbwata hajui anamsema nani. Usigombane naye. Endelea kuosha vyombo, tena mlango ukiwa wazi.

Ama matembezi, asili yake ni halali, na nia njema huyafanya kuwa ibada. Allah amesema katika Surat Ar-Rum, aya ya 21, kwamba miongoni mwa ishara zake ni kutuumbia wake ili tupate utulivu kwao, akatia baina yetu mapenzi na huruma. Mapenzi hayo humea kwa watu kukaa pamoja, kucheka pamoja na kuchoka pamoja. Nimekaa kwenye vikao vingi vya suluhu. Wanaokuja kutaka kuachana, aghalabu ukiwauliza lini walikaa wawili bila simu, bila wageni na bila hesabu za madeni, hutazamana tu. Hawakumbuki.

Mama anasema mambo haya ni ya watalii. Sasa sikiliza. Bibi Aisha alikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), naye bado msichana mwembamba. Mtume akawaambia watu watangulie, kisha akamwambia: njoo tushindane mbio. Wakakimbia, Bibi Aisha akashinda. Ukapita muda, mwili wake ukajaa, akasahau habari ile. Wakatoka safari nyingine, Mtume akawaambia tena watu watangulie, wakashindana, mara hii akashinda yeye. Akacheka, akasema: hii ni kwa ile. Ameipokea Abu Daud, na Imamu Ahmad kwa urefu zaidi. Tazama kwamba hakuyasahau yale mashindano. Miaka imepita, ana umma mzima mabegani mwake, na bado anakumbuka kwamba mkewe alimshinda mbio.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi, kimo katika Bukhari na Muslim. Walikuwa safarini na jeshi, mkufu wa Bibi Aisha ukakatika na kupotea. Mtume (s.a.w.) akasimamisha safari ili utafutwe. Walipokuwa hapakuwa na maji, wala watu hawakuwa na maji. Wakaenda kumshitakia Abubakar: huoni alivyofanya binti yako? Abubakar akaja kwa hasira, akamkuta Mtume amelala, kichwa amekiegemeza pajani mwa mkewe. Akamlaumu binti yake, akawa anamchoma ubavuni kwa mkono. Bibi Aisha anasema hakuna kilichomzuia kutikisika ila kichwa cha Mtume kilichokuwa pajani mwake. Kulipokucha hapakuwa na maji ya udhu, na Allah akateremsha aya ya tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Sahaba Usayd bin Hudhayr akasema: hii si baraka yenu ya kwanza, enyi aali wa Abubakar. Kisha walipomwinua ngamia wake, mkufu ukaonekana chini yake.

Nimekisimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza, umma wote leo, mgonjwa asiyeweza kugusa maji na msafiri aliyekosa tone, tunatayamamu kwa rukhsa iliyoteremka katika safari ya mume na mke, mume akiwa amelala pajani mwa mkewe. Basi msione haya kwenda pamoja. Ya pili ndiyo nzito: hata hapo, jeshi halina maji, mkufu umepotea, mkwe amekasirika, jambo lililowahangaisha wote lilikuwa swala. Wataswali vipi bila udhu?

Nanyi mnakaa ndani ya basi, jua linashuka, Alasiri inatoka, na hamhangaiki. Hapo ndipo mlipokosea, mwanangu, na kosa hilo ni kubwa kuliko yote uliyoniuliza. Kipande cha pili cha ile hadithi, cha kutoka kwenda kuswali wakati ukiingia, kimedondoka njiani, sijui ni Mombo au Segera.

Na uzito wake unaongezeka kwa kuwa dini ilikwisha kuwafungulia mlango. Sisi huku pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, nami najibu kwa hayo, nikijua wapo wanazuoni wengine wasioweka mpaka wa umbali. Kwa Mashafii, safari ya kupunguza swala ni ya marhala mbili, ambazo wanazuoni wa zama hizi wanazikadiria kilomita 80 na kitu. Pangani kutoka Tanga ni kama kilomita 50. Haifiki. Kule mnaswali kamili, rakaa nne, wala hamkusanyi swala mbili katika wakati mmoja kwa sababu ya safari. Lushoto ni zaidi ya kilomita 150, inafika bila shaka, na kujiburudisha ni lengo linalokubalika madhali hamuendi kwenye maasi. Ruhusa inaanza mkishavuka mwisho wa majengo ya Tanga na inakwisha mkirudi kuyaingia. Kwa kuwa mnalala usiku mmoja tu, ninyi ni wasafiri muda wote mkiwa Lushoto.

Basi Jumapili fanyeni hivi. Msipande basi la kurudi kabla ya Adhuhuri kuingia. Ikiingia, mswali hapohapo Lushoto Adhuhuri rakaa mbili, mkitia nia ya kupunguza pale mnapohirimia, yaani kwenye takbira ya kuanzia swala, na kabla hamjatoa salamu muwe mmeshatia nia ya kukusanya. Mkitoa salamu, simameni bila kuchelewa mswali Alasiri rakaa mbili. Kwa pamoja haizidi robo saa. Kisha pandeni basi lenu, mteremke Soni mkitazama milima ya Usambara kwa raha, hamdaiwi kitu hadi Magharibi. Magharibi haipunguzwi, wala Alfajiri. Mkiona mtafika Tanga usiku, Magharibi mnaweza kuichelewesha mkaikusanya na Isha, kwa sharti mtie nia hiyo ndani ya wakati wa Magharibi na mziswali zote mbili kabla ya kuingia mjini, basi likisimama njiani. Na mkiingia msikiti wa Lushoto mkaswali nyuma ya imamu mwenyeji, mtamfuata rakaa zake nne. Hakuna kupunguza nyuma ya anayekamilisha.

Hukuniuliza kuhusu Ijumaa, lakini nakutahadharisha kwa sababu likizo zinakuja. Mwenye kuwajibikiwa na Ijumaa hasafiri baada ya kuingia alfajiri ya siku hiyo, ila kama ataidiriki Ijumaa njiani au kubaki kutamdhuru. Ngojeni mswali kwanza.

Nije kwenye mkopo. Ikiwa ulichukua 80,000 na ukatakiwa kurudisha zaidi, ile ziada ni riba, hata ukaandikiwa kuwa ni ada. Soma Surat Al-Baqara, aya ya 278 na 279, uone Allah amewaambia nini wasioiacha. Lipa deni hilo haraka, utubie, usirudie. Mtu anayekopa kwa riba akiwa na mgonjwa kitandani tunamhurumia na kumtafutia njia. Wewe ulikopa ili ukatazame mandhari. Mshahara ukichelewa, safari nayo ichelewe. Allah amesema katika Surat At-Talaq, aya ya 7, mwenye wasaa agharimu kwa wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika alichopewa. Wiki hiyo tandikeni mkeka ufukweni jioni, mchukue mihogo yenu na chupa ya chai, mkae. Mkeo anashona kutwa, na ninavyomfahamu mwanamke anayemuonea mumewe huruma, angefurahi vilevile kama angejua fedha umezitoa wapi. Je, alijua? Kama hukumwambia, mwambie.

Sasa mama. Hapa nakwenda taratibu, kwa kuwa una haki na yeye ana haki. Hana haki ya kukuharamishia alichohalalisha Allah, wala hulazimiki kumwacha mkeo ndani kwa sababu ya maneno yake. Lakini nijibu moyoni mwako: katika mwisho wa wiki ule usiosafiri, unakwenda kwa mama yako? Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) ni nani anayestahiki zaidi wema wa usuhuba wake, akajibiwa mama yako, mara tatu, kisha baba yako. Mimi nadhani, na Allah ndiye mjuzi, kwamba mama yako hachukii Lushoto. Mama anaona mtoto aliyemlea anapanda basi kila mwezi, na basi hilo halisimami mlangoni kwake. Neno "watalii" ndilo alilolipata la kuufunika uchungu huo.

Kwa hiyo usiende kwake na hadithi ya mbio mkononi kumthibitishia kwamba umeshinda. Nenda na mkeo. Mkirudi Lushoto mchukulieni matunda na mboga za kule, mfike kwake kabla hamjafika kwenu, hata kama mmechoka. Na safari moja mwende naye. Mpe kiti cha dirishani. Akisema baridi ya kule inamuumiza magoti, mvike koti lako, ule usiku mlale mapema. Mkeo asione kwamba safari yake imechukuliwa. Mwambie kwa upole kwamba zinabaki nyingine nyingi za wawili, inshaallah.

Picha: mkeo akiwa katika stara, picha ya mlima si tatizo. Lakini si kila neema hutangazwa. Hasadi ipo, na Qurani imetufundisha kujikinga na shari ya hasidi anapohusudu. Ningependa mkae wiki moja baada ya safari bila kuweka chochote, muone kama furaha imepungua.

Limebaki jambo la madeni ya swala, na hili lisilale. Zile Alasiri mlizolipa Tanga kwa rakaa mbili hazijatosha. Kwa Mashafii, swala iliyompita mtu safarini hupunguzwa akiilipa angali safarini. Akishafika kwake huilipa kamili. Umesema mara tatu au nne; hesabuni nne. Kila mmoja wenu alipe Alasiri nne, kila moja rakaa nne. Kisha kaeni chini mkumbuke safari za Pangani, Adhuhuri, Alasiri na Isha zote mlizozipunguza kule, nazo mzilipe kamili, mkichukua idadi kubwa pale mnapotia shaka. Anzeni leo baada ya Isha, wewe mbele na yeye nyuma yako, katika chumba chenu, mpaka ziishe, na safari nyingine ingoje hapo.

Wallahu a'lam.