Kodi Uingereza: kwa nini wanalia, na kwa nini vyama vinapasuka

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini Waingereza wanalia kodi wakati serikali inaapa kwamba haijapandisha kodi ya mshahara. Pili, inakuwaje Labour, chama kilichoingia bungeni Julai 2024 na wabunge zaidi ya 400, kinaparurana chenyewe kwa chenyewe. Naishi huku Midlands, katikati ya England, nafanya kazi ya kutunza wazee, na haya mambo nayasikia kila zamu, kwa wafanyakazi wenzangu na kwa wazee wenyewe. Kwa ninavyoona mimi, hayo maswali yako mawili jibu lake ni moja.

Tuanzie kwenye hati ya mshahara. Ya kwangu ina namba 1257L, na za wengi tunaofanya kazi pamoja zina hiyo hiyo. Maana yake pauni 12,570 za mwanzo kwa mwaka hazikatwi kodi ya mapato. Ukizidisha hapo unakatwa asilimia 20, na Bima ya Taifa, yaani mchango wa lazima wa pensheni na posho, asilimia 8. Ukivuka 50,270, kile kinachozidi kinakatwa asilimia 40.

Hiyo 12,570 haijasogea tangu Aprili 2021. Rishi Sunak aliigandisha akiwa Waziri wa Fedha, Jeremy Hunt akaendeleza mpaka 2028, na wote hao ni wa chama cha Conservative, kilichotawala kabla ya Labour. Kisha Rachel Reeves wa Labour, kwenye bajeti ya Novemba 2025, akaongeza mpaka 2031. Miaka kumi, vyama viwili, dawa ile ile.

Sasa piga hesabu ya mtu wa kima cha chini anayefanya saa 37 na nusu kwa wiki. Aprili 2021 alikuwa analipwa pauni 8.91 kwa saa, kwa mwaka kama 17,370. Sehemu iliyoguswa na kodi ya mapato ilikuwa kama 4,800, yaani robo ya mshahara na kidogo. Kuanzia Aprili 2026 kima ni 12.71, kwa mwaka karibu 24,780, na sehemu inayoguswa ni zaidi ya 12,200. Hiyo ni karibu nusu ya mshahara! Kodi yake ya mapato imetoka kama 960 mpaka kama 2,440, na asilimia ni ile ile 20 wala haikuguswa. Tuseme haki pia: Bima ya Taifa ilishushwa kutoka asilimia 12 hadi 8 mwaka 2024, lakini kwa huyu mtu wa chini anacholipa kwenye bima kimebaki karibu palepale. Na katikati ya hiyo miaka mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, Oktoba 2022. Kwa hiyo nyongeza unaiona kwenye hati, ukienda dukani huioni.

Ndiyo maana waziri anaweza kusimama akasema hajapandisha kodi ya mshahara, na mfanyakazi akaapa kwamba imepanda.

Sasa swali lako la pili. Labour waliingia kwenye uchaguzi na ilani inayosema hawatapandisha kodi ya mapato, Bima ya Taifa wala VAT. Hizo tatu ndizo zinazoingiza fedha nyingi kuliko zote. Ukishajifungia milango hiyo mikubwa, unabaki kutafuta fedha kwenye vichochoro, na kila kichochoro kina watu wake wa kupiga kelele. Wakawanyima wastaafu wengi ile posho ya kupasha nyumba joto msimu wa baridi, mwaka uliofuata wakairudisha kwa walio wengi. Wakaweka kodi kwenye mashamba ya kurithi, wakulima wakaingia London na matrekta, kiwango kikalegezwa. Julai 2025 wakataka kubana posho za walemavu. Wabunge wao wenyewe zaidi ya 120 walikuwa wametia sahihi kupinga, na serikali ikaondoa sehemu kubwa ya muswada siku ya kura. Halafu ule ukomo wa posho, kwamba familia inalipwa kwa watoto wawili tu: Julai 2024 wabunge saba wa Labour walisimamishwa na chama kwa kupiga kura uondolewe, na bajeti ya Novemba 2025 ikauondoa. Mimi naona wale saba walikuwa na haki tangu mwanzo, na inauma kwamba waliadhibiwa kwa jambo ambalo chama kilikuja kulifanya chenyewe.

Kichochoro kingine kimenigusa moja kwa moja. Aprili 2025 mchango wa mwajiri kwenye Bima ya Taifa ulipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na badala ya kuanzia mshahara wa 9,100 ukaanza kuhesabiwa kwenye 5,000. Hospitali za serikali zilifidiwa, nyumba za wazee za binafsi hazikufidiwa. Ninapofanya kazi, aliyeondoka hakujaziwa nafasi. Usiku tulikuwa watatu kwenye korido, sasa tuko wawili. Saa kumi alfajiri kengele mbili zikilia pamoja, mmoja anataka kugeuzwa kitandani na kumgeuza kunahitaji watu wawili, na mwingine anataka kwenda chooni. Huyo wa pili anasubiri. Ni mama wa miaka tisini na kitu, na anaomba radhi yeye kwa kutusumbua. Kodi hiyo haikuandikwa kwenye hati yangu ya mshahara, lakini nailipa mimi na analipa yule mama.

Kwa vyama vya mrengo wa kulia nako hakuna amani. Mwaka 2024 Conservative walipata asilimia 24 ya kura na Reform, chama cha Nigel Farage kinachopinga uhamiaji, asilimia 14. Labour kwa asilimia 34 tu wakachukua karibu theluthi mbili ya viti, maana kila jimbo anayeongoza anachukua chote. Conservative bado wanabeba mzigo wa Liz Truss, Waziri Mkuu wao aliyetangaza punguzo kubwa la kodi Septemba 2022 bila kusema fedha zitatoka wapi. Pauni ikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikaruka, akaondoka baada ya siku 49. Mpaka leo kila Waziri wa Fedha anaangalia kwanza soko la hatifungani, yaani wale wanaoikopesha serikali.

Mwenzangu mmoja Mwingereza, mama ambaye nyumba yao ilikuwa ya Labour tangu kwa baba yake, alinieleza alivyohamia Reform. Waliahidi kiwango kisichotozwa kodi kiwe 20,000. Alikuwa amepiga hesabu yake mezani kwa kalamu, akaona angepata nafuu ya karibu pauni 1,500 kwa mwaka. Simlaumu, hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini Novemba 2025 Farage mwenyewe alisema punguzo kubwa la kodi si jambo la kutekelezwa kwa sasa. Wakati huo huo chama hicho kinataka kufuta ukaazi wa kudumu kwa watu kama mimi, na nilimwambia hivyo machoni. Alinyamaza kidogo, akasema yeye hakuwa ananifikiria mimi. Namwamini, lakini kura haichagui.

Kuna kodi ya halmashauri pia, ile ya nyumba inayolipwa kwa serikali ya mtaa, na hapo naona dhuluma ya wazi. England nyumba zimepangwa kwenye madaraja kwa bei za Aprili 1991. Jumba la kifahari Westminster linalipiwa pungufu kuliko nyumba ya kawaida Hartlepool. Reeves ameweka tozo kwa nyumba za zaidi ya pauni milioni 2 kuanzia 2028. Ni hatua nzuri, ila madaraja ya 1991 yanabaki.

Mwisho, kuna ndugu hapo juu kaandika kwamba sisi wageni tunalipa tu na hatuna sauti. Si kweli kwa wote. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anapiga kura, hata ya ubunge. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo mpaka wapate uraia. Unajiandikisha mtandaoni angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na pasipoti yako ya Tanzania au Kenya inakubalika kituoni kama kitambulisho. Mimi ndiyo niliyokwenda nayo, msimamizi akaangalia picha, akanipa karatasi na kalamu ya risasi.