Kichwa cha treni kimenguruma, kikanuka, kikanyamaza

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nimenunua mtandaoni kichwa cha treni ya mfano, Lima ya Kitaliano, kipimo cha H0 (ukubwa wa 1 kwa 87), pamoja na reli chache. Muuzaji wa Malindi alisema kilikuwa kikitembea vizuri alipokiweka kabatini miaka mingi iliyopita. Kimekuja kwa basi hadi Mokowe, nikakipokea salama. Transfoma haikuwemo, na boksi linasema volti 12, basi nikaunganisha reli na betri yangu ya sola ya volti 12. Kilinguruma, kikatoa harufu ya kuungua, sasa kimya. Fundi wa hapa anasema mota imelala: nipulize WD-40 ndani, kisha niongeze betri ya pili ili ishtuke. Nifanye hivyo? Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Usifanye hata moja kati ya hayo mawili. Na tafadhali ondoa hizo waya kwenye betri leo hii, kabla mtoto hajaja kuzichezea.

Hakuna mota inayolala. Mota isiyozunguka ama umeme haiifikii, ama kuna kitu kimeishika. Yako ilinguruma, maana yake umeme ulifika. Kilichoishika karibu hakika ni grisi ya kiwandani iliyozeeka. Ikikaa miaka kabatini kwenye joto letu la pwani, mafuta yake hutoka na kinachobaki hunata kama utomvu wa fenesi. Fungua bogi (kigari cha magurudumu chini ya kichwa) lenye mota utaiona, rangi ya kahawia, imejaa katikati ya meno ya gia. Muuzaji hakukudanganya aliposema kilitembea. Kilitembea wakati ule.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza, kwa sababu naliona kila mara na kila mara limeshaua kitu: "volti ni zilezile 12". Volti peke yake haikwambii kama kifaa kiko salama. Mota ndogo ya H0 ikizunguka vizuri hula chini ya ampea moja, mara nyingi chini ya nusu. Inapozunguka huzalisha umeme wake unaopingana na ule unaoingia, na huo ndio unaoizuia isile kupita kiasi. Ikishikwa, upinzani huo unatoweka. Umeme unaingia kwa nguvu yote na wote unageuka joto. Vanishi ya ule waya mwembamba wa koili inaungua (ndiyo harufu uliyoisikia), vispringi vinavyosukuma kaboni (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) vinalegea kwa joto, na plastiki inayoshika kaboni inaanza kupinda.

Transfoma ya treni imetengenezwa kwa hali hiyo. Inakupa volti kutoka sifuri kupanda polepole, na ikipigwa shoti inajikata. Betri ya sola haijikati. Imejengwa kutoa umeme mwingi kwa mpigo, na kwenye shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea. Gurudumu moja likiruka reli na kugusa pande zote mbili, waya zako zitawaka nyekundu juu ya meza kabla hujanyanyua mkono. Tena hizo 12 si 12: betri iliyojaa ina karibu 12.7, na sola ikiwa inachaji hupita 14. Kuunga betri mbili kwa mfululizo ni volti 24 kwenye mota iliyoshikwa. Huyo aliyekushauri hivyo hajui anachokishika, na ningependa aache kuwashauri watu.

Kuhusu WD-40: ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na kwa nati iliyoshika kutu ni nzuri. Ndani ya mota ndogo ni balaa. Inatiririka hadi kwenye ile shaba ambapo kaboni zinagusa, inachanganyika na vumbi la kaboni, na kuacha uji mweusi unaojaza mianya kati ya vipande vya shaba. Mianya ile ipo ili vipande visigusane. Ikijaa, mota inakula umeme bila kuzunguka inavyotakiwa. Mafuta hayo pia hufika kwenye vile vipete vya mpira vya magurudumu, na kichwa kinaanza kuteleza mahali pamoja.

Kwa kichwa chako, fanya hivi. Toa bodi (ganda la nje) kwa kupanua kuta zake taratibu, kisha toa mota. Usikimbilie mafuta, chukua mita ya umeme, iweke kwenye omu. Lima nyingi zina vipande vitatu vya shaba. Pima cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Namba tatu za mita zikikaribiana, koili ni nzima na una bahati. Moja ikiwa mbali sana na nyingine, koili imeungua. Usipoteze muda kusafisha, tafuta mota nyingine ya aina hiyohiyo.

Ikiwa nzima, kwangua grisi ngumu kwa kijiti cha meno, jino moja baada ya jingine, kisha sugua kwa mswaki wa zamani uliolowa spiriti ya duka la dawa. Bodi yenye rangi iweke mbali na spiriti. Thina usiiguse kabisa, inayeyusha plastiki. Pitisha ncha ya kijiti kwenye mianya ya shaba mpaka itoke safi. Acha kila kitu kikauke. Mafuta ya cherehani yanatosha: chovya ncha ya sindano, gusa kila mwisho wa ekseli ya mota, basi.

Magurudumu nayo. Lima za zamani kwa kawaida huchukua umeme wa reli moja kwenye bogi la mbele na wa reli ya pili kwenye bogi la nyuma, kwa hiyo uchafu upande mmoja tu unatosha kuzima kila kitu. Kwa hewa ya chumvi ya Lamu, reli hukosa kung'aa upesi. Zifute kwa spiriti. Msasa unaacha mikwaruzo inayokamata uchafu zaidi.

Ukitaka kujaribu na huna transfoma, betri ndogo ya mraba ya volti 9 inatosha. Ukilazimika kutumia ile ya sola, weka fyuzi karibu na betri, na njiani unga globu ya gari ya volti 12, wati 10, kwenye waya mmoja. Globu hiyo haiwezi kupitisha hata ampea moja kamili. Ikiwaka kwa nguvu na mota haizunguki, kuna shoti au mota imeshikwa. Ikififia na magurudumu yanazunguka, mambo ni mazuri. Isipowaka kabisa, umeme haufiki, rudi kwenye magurudumu na waya.

Nyinyi wengine mnaonunua mtandaoni, nawaomba mnisikilize. Waitaliano wapo Malindi na Ngomeni tangu miaka ya 1960, na treni za Lima na Rivarossi, nayo ya Kitaliano, zinaendelea kutoka kwenye nyumba zao, nyingi zikiwa nzuri sana zikisafishwa. Lakini transfoma iliyotoka Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 yetu imekufa, na inaweza kuondoka na kichwa chako. Märklin ya zamani ya H0, ya Kijerumani, hutumia umeme wa AC (unaobadilisha mwelekeo, si kama wa betri) na mguso wa katikati ya reli, na magurudumu yake ya pande mbili hayajatenganishwa kiumeme. Yakikaa juu ya reli za Lima ni shoti. Ukiona chasisi ya aloi ya zinki ina nyufa na kuvimba, iache hapo hapo. Ugonjwa huo uko ndani ya chuma chenyewe, hauna gundi wala dawa, na fundi anayekuahidi kuutibu anataka pesa yako.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie video. Si ile ya kichwa kimegeuzwa tumbo juu magurudumu yakizunguka hewani, maana hapo hata kibovu kinapendeza. Kiwe juu ya reli, kikivuta behewa moja, kwenda na kurudi, kwa mwendo wa polepole, na kianze kikiwa baridi. Akikataa, usilipe.