Kumwomba usiyemfahamu vizuri akupendekeze kazini

Mleta mada ameuliza kama ni utovu wa adabu kumwandikia mtu aliyekutana naye mara moja tu, kwenye semina, akimwomba ampendekeze kwa nafasi iliyotangazwa ofisini kwake. Kuomba si kosa. Tatizo huwa katika kile kinachoombwa. Ninasema hivyo kwa sababu nimewahi kuwa mwombaji, na sasa ni mwajiriwa ambaye kila tangazo la kazi likitoka hupokea ujumbe wa watu nisiowakumbuka hata sura.

Nilipokuwa sina ajira nilimwandikia mhasibu mmoja niliyeketi naye meza moja kwenye mafunzo ya siku 2: "Habari za siku nyingi. Naomba unisaidie nafasi hapo kwenu, nipo tayari kwa kazi yoyote." Nikaambatisha wasifu wa kurasa 5. Hakujibu, nami nikamwona ana maringo. Leo nikiusoma ujumbe ule naona kwamba nilimtwika mzigo mzima: akumbuke mimi ni nani, anitafutie nafasi inayonifaa, kisha aweke jina lake rehani kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi.

Baada ya miezi kadhaa nilimwandikia mwingine, ambaye tulikuwa tumebadilishana namba tu: "Ni mimi niliyekuuliza kuhusu usuluhishi wa hesabu za benki siku ya mwisho ya mafunzo. Nimeona tangazo la msaidizi wa hesabu kwenu. Kwa kuwa hujaiona kazi yangu, siombi unidhamini. Ninauliza tu kama kitengo hicho bado kinalipa kwa hundi au mmeshahamia mfumo mwingine, ili nijue la kujiandaa nalo. Ukiwa na shughuli nyingi, nitaelewa." Alijibu jioni ile ile kwa mistari mitatu, na katika mstari wa tatu akaniomba wasifu ili aufikishe kwa msimamizi wake, jambo ambalo mimi sikuwa nimeliomba.

Anayekudhamini anasema kwamba anaujua utendaji wako, ilhali anayepeleka jina lako anasema tu kwamba yupo mtu anayestahili kutazamwa. Mtu wa mbali anaweza kulifanya hili la pili bila kudanganya, hata pale fomu ya kampuni inapomtaka aeleze anavyokufahamu. Ni kweli kwamba baadhi ya waajiri humpa mfanyakazi bonasi mtu aliyemleta akiajiriwa, lakini usiitaje katika ujumbe wako. Mimi niliwahi kukumbushwa hivyo na mtu nisiyemjua, nikajiona nimegeuzwa dalali.

Kuhusu aibu, ambayo naona ndiyo hasa inayomzuia mleta mada, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 utafiti uliogusa jambo hili hili. Miongoni mwa watu aliowahoji ambao walipata kazi kupitia mtu waliyemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, wakati asilimia 27.8 walikuwa wakionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo. Maelezo yake yananiingia akilini, kwa kuwa marafiki wa karibu huzunguka mlemle unamozunguka wewe na habari walizonazo unazo tayari.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha umwache. Ila usiandike siku moja kabla ya tangazo kufungwa. Kuna kampuni ambazo hazilipokei pendekezo la mfanyakazi ikiwa mwombaji ameshatuma maombi mwenyewe, na mimi nilipoteza nafasi ya namna hiyo kwa kuwa nilituma maombi asubuhi, ndipo nikamwandikia mwenyeji wangu mchana. Mwandikie mapema, umuulize utaratibu wa kwao ukoje, na ikibaki siku 2 au 3 hajajibu, tuma maombi yako kwa njia ya kawaida bila kumngoja.