Mkuu, hizo hati zitoe chini leo hii

Umeuliza kuhusu pampu, viroba vya mchanga na bima ya ofisi ya SACCOS yenu, chama chenu cha akiba na mikopo, huko bondeni. Kilichonishtua mimi ni ule mstari wako wa mwisho: eti nyaraka hazina shida, ziko chini kwenye kabati la chuma na sefu ya kuzuia moto. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mbele ya bodi yetu, mapema mwaka 2018.

Ofisi yetu ilikuwa karibu na bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam. Aprili ile mvua ikapiga siku mfululizo, mto ukapanda usiku. Tulipoweza kuingia, alama ya tope ukutani ilikuwa kiunoni. Kabati limesimama palepale, limefungwa vizuri kabisa, na droo hazifunguki. Karatasi ikinywa maji inavimba, Mkuu. Ilivimba mpaka ikabana droo kwa ndani, tukamwita fundi akakata kwa grainda. Siku ya tatu hiyo. Ukungu ulishaanza, na harufu ya maji ya vyoo usiseme.

Sefu ndiyo iliyonitoa machozi. Sefu ya moto imetengenezwa kuzuia joto. Maji yanapita mlangoni kama kawaida. Yule aliyetuuzia alijua ofisi iko wapi, alikuja mwenyewe kuishusha, akatuapia kwamba humo ndani hakiharibiki kitu. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Mle mlikuwa na dhamana za mikopo, na unajua dhamana za watu wetu: wengi hawana hatimiliki, wana mikataba ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Hatimiliki ikiharibika, kumbukumbu iko ofisi ya ardhi. Mkataba wa mkono je? Muuzaji kafariki, shahidi kahama, mwenyekiti wa wakati ule hayupo. Mikataba 46. Nilikaa na mama mmoja mjane nikimweleza kwamba karatasi pekee inayoonyesha nyumba ni yake imekuwa uji mikononi mwetu.

Na tukaongeza kosa: tukaanika juani, tukabandua kurasa kwa vidole. Wino ukatoka, kurasa zikachanika. Baadaye mtunza nyaraka mmoja akanieleza kwamba karatasi zilizolowa hazibanduliwi. Unazifunga kwenye mifuko jinsi zilivyo, unazigandisha kwenye friza kabla siku mbili hazijaisha, ukungu unasimama, kisha unakausha chache chache kivulini kwenye upepo. Friza ya muuza samaki ingetosha. Jirani yetu alikuwa nayo, na kwake maji hayakufika!

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: karatasi ya mwanachama hailali ghorofa ya chini. Usisubiri tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, usisubiri kuona maji getini, maana yanakuja mmelala. Umesema mna chumba juu. Pandisha hati na daftari la wanachama, piga picha kila ukurasa, nakala ikae nje ya jengo. Kompyuta nazo zipande. Umeme mkate mein swichi mapema, na baada ya maji asiwashe mtu kabla fundi hajapima.

Pampu tutaongea baadaye. Masika yanaanza Machi. Mkishapandisha hizo hati, hata kama ni saa sita usiku, niandikie hapa.