Barua kwa mwanangu: mchungaji asiyeulizwa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kuna sababu ya kubaki katika kanisa la kiinjili baada ya yote uliyoyasoma kuhusu viongozi wake, na kama shida kubwa ni dunia kuiacha imani. Dunia imelipinga kanisa tangu siku za mitume, na kanisa halikufa. Kinachonitisha kimo ndani: makanisa na huduma zilizojengwa juu ya mtu mmoja ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza.

Chukua habari ya Ravi Zacharias. Alisifiwa kote kwa kuitetea imani, akafariki Mei 2020 kwa heshima kubwa. Februari 2021 huduma aliyoianzisha ilitoa ripoti ya uchunguzi iliyothibitisha kwamba aliwadhulumu wanawake kingono kwa miaka. Mmoja alikuwa amelalamika mapema, hakuaminiwa. Mwaka 2022 uchunguzi kuhusu Wabaptisti wa Kusini, Marekani, ulionyesha viongozi wa juu wakiwapuuza waathirika ili dhehebu lisishtakiwe, huku orodha ya wachungaji waliotuhumiwa ikitunzwa kwa siri.

Watu wema walinyamazaje? Mara nyingi hufungwa mdomo kwa mstari mmoja: "Msiwaguse masihi wangu," yaani watiwa mafuta wa Mungu. Soma Zaburi 105 yote, mwanangu. Wanaokemewa pale ni wafalme, na wanaolindwa ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na nguvu katika nchi ya watu. Leo mstari huo unamkinga mwenye nguvu dhidi ya mnyonge. Daudi alikuwa mtiwa mafuta, na alipotenda dhambi nabii Nathani alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Paulo alimpinga Petro mbele ya watu wote kule Antiokia. Na anamwagiza Timotheo kwamba mzee wa kanisa anayedumu katika dhambi akemewe hadharani.

Wapo waliolijua hili mapema. Mwaka 1948, mhubiri Billy Graham wa Marekani na wenzake walikutana Modesto, California, wakakubaliana jinsi ya kujilinda katika fedha na zinaa, kutoyasema vibaya makanisa ya mahali, na kutotia chumvi idadi ya waliohudhuria. Hilo la mwisho nalipenda sana, maana anayezoea kudanganya hesabu za watu atadanganya na za sadaka.

Injili ya mafanikio, uliyoitaja, naiona ni tawi la mti huohuo: anayeahidi baraka kwa sadaka yako mara nyingi hataki kukuonyesha sadaka imekwenda wapi.

Kwa hiyo baki, lakini si popote. Uliza nani hukagua fedha, nani ana mamlaka ya kumsimamisha mchungaji, na aliyedhulumiwa apeleke wapi malalamiko asipoweza kuyapeleka kwa mchungaji mwenyewe. Wakijibu kwa hasira, au kukuambia una roho ya uasi, ondoka bila hofu. Hujamwacha Kristo.

Uliandika pia kuhusu rafiki yako ambaye wazee walimtaka asamehe na asiseme popote. Kusamehe ni lake na Mungu wake, na hakuna mzee anayeweza kumdai msamaha ili kuficha jinai. Mwambie mimi namwamini. Akiwa tayari kwenda polisi, usimwache aende peke yake.

Nakuombea kila siku.

Mama yako