Kigari Sitatuma

Ndugu zangu wa Wete, Pemba, assalaam alaykum. Ujumbe wenu nimeusoma wote. Mmesema mambo mawili. La kwanza, kwamba kazi ya huku Uingereza ya kukaa na wazee ni kupiga soga na kunywa chai, kwa hiyo pauni zimenijaa. La pili, kwamba Mama Mkubwa, tangu abadilishwe kichwa cha nyonga huko Unguja, hajatoka kitandani na hii ni wiki ya pili, basi nitume pesa za kiti cha magurudumu. Nnayajibu pamoja kwa sababu yanahusiana.

Kigari sitatuma.

Hiyo mnayoiita kukaa na wazee ndiyo kazi ya kuwasimamisha watu waliovunjika nyonga kama yeye. Hapa Uingereza utaratibu ni mzee apasuliwe siku anayofikishwa hospitali au kesho yake, na siku inayofuata operesheni asimamishwe. Ana miaka 90, analia, anatutukana, na tunamsimamisha. Akirudishwa kwenye nyumba ya wazee kazi hiyo inaendelea kwa miezi, zamu ya masaa 12, pamoja na kumsafisha haja na kumvua nguo mtu mzima anayekuomba umwache na sitara yake. Mshahara wa chini ulioanza Aprili 2025 ulikuwa pauni 12.21 kwa saa, kabla ya kodi ya serikali na kodi ya nyumba. Basi hizo pauni msinihesabie.

Kwa nini tunawahimiza? Mzee akilala, nguvu ya paja inakwisha siku hadi siku. Damu inaganda kwenye shavu la mguu, kifua kinajaa makohozi, kisigino kinaoza. Hata huku kwenye mashine zote, karibu theluthi moja ya wazee waliovunjika nyonga hawamalizi mwaka. Mkimkalisha kwenye kigari sasa hivi, mmemhalalishia asisimame tena.

Leo hii mpigieni daktari aliyempasua mumuulize mawili: anaruhusiwa kukanyaga kwa uzito wote? Na je, kisu kilipita nyuma ya nyonga au pembeni? Mara nyingi aliyewekewa kichwa kipya huruhusiwa kukanyaga. Kama kisu kilipita nyuma, kuna makatazo kwa wiki 6 hadi 12: asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, asigeuze kidole gumba cha mguu huo kwa ndani. Akivunja masharti hayo, mfupa unaweza kuchomoka.

Sasa tazameni nyumba yetu. Kukaa chini mkekani, hapana. Kibao cha mbuzi, hapana. Choo cha kuchuchumaa ndicho hatari kuliko vyote. Mwiteni seremala atengeneze kiti chenye tundu katikati na mikono miwili imara, kiwekwe juu ya choo. Kimo mpimeni yeye mwenyewe: kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, mwongeze sentimita 5. Kitanda chake cha samadari ni kizuri kwa kuwa kiko juu, ila miguu ikining'inia anapokaa ukingoni, toeni godoro moja. Kitanda cha kamba kinabonyea, msimpe. Na sala aisali juu ya kiti, dini imemruhusu. Mwambieni imamu wa msikiti wetu amweleze yeye mwenyewe, kwa sababu nyinyi hatakusikieni.

Kumsimamisha. Mpeni dawa ya maumivu aliyoandikiwa nusu saa kabla. Akae ukingoni dakika mbili miguu ikiwa chini, kizunguzungu kipite, maana presha hushuka mtu akiinuka ghafla. Mguu mzima urudi nyuma kidogo, uliopasuliwa utangulie mbele. Asukume kitanda kwa mikono yake, ainuke, ndipo ashike fremu ya kutembelea. Asijivute kwa fremu, itamwangukia. Na nyinyi, wallahi, msimnyanyue kwapani! Bega la mzee huchomoka hivyo hivyo, na mgongo wako nao unakwenda. Simama upande wa mguu mbovu, mkono mmoja nyuma ya kiuno chake, basi. Mwacheni ahangaike. Akichukua dakika 5 kuinuka, ni dakika zake. Lakini pia msimwache peke yake hata mara moja, khasa usiku anapotaka kwenda msalani.

Pesa ya fremu ya kutembelea nnatuma, ile ya aluminiamu ya miguu minne. Akisimama wima na mikono imening'inia, mshikio uwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Vile vitufe vya miguuni mwa fremu ndivyo vya kurekebishia. Angalieni raba za chini: zikilika hadi chuma kikaonekana, kwenye vigae vilivyorowa itateleza kama barafu. Anatanguliza fremu, miguu yote minne itue, kisha mguu mbovu, kisha mzima. Asiingie ndani ya fremu mpaka agonge chuma cha mbele, ataanguka chali. Kwenye kizingiti, akipanda fremu kwanza, halafu mguu mzima. Akishuka fremu, halafu mbovu. Mikeka na mazulia ya njiani yakunjwe yote. Kanga aifunge juu ya kifundo cha mguu. Ndara avue, mtafutieni kiatu chenye kamba ya nyuma.

Akiwa kitandani, kila saa akiwa macho avute na kusukuma vidole vya miguu mara 10. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mto kati ya magoti. Kuhusu visigino: nimesikia mmemfanyia kata, ile pete ya kanga iliyosokotwa, chini ya kisigino. Toeni. Kata inabana damu pembezoni, na kidonda huanzia hapo hapo. Wekeni mto chini ya shavu la mguu, mrefu, kisigino kibaki hewani. Kwenye ngozi zetu msisubiri wekundu, hautaonekana. Gusani: pakiwa na joto, pagumu au pateketeke kuliko kisigino cha pili, kidonda kinaanza.

Mkandaji na mafuta ya makonyo ya karafuu, sitaki kusikia kabla daktari hajasema. Shavu la mguu lisikandwe kabisa. Likivimba upande mmoja na kuuma, au pumzi ikambana ghafla, hospitali saa ile ile. Hali kadhalika mguu ukionekana mfupi na unyayo umegeukia ndani au nje. Akianza kuweweseka, msiseme kapandwa na pepo. Huenda hajanywa maji, hajapata choo siku nne, au ana homa ya mkojo.

Uji peke yake haujengi paja. Yai, dagaa, samaki, kunde, kila mlo. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, na mtu wa kilo 50 anahitaji kama gramu 50 hadi 60 kwa siku.

Na wewe mdogo wangu unayeulizia viza: usije. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza haipokei maombi mapya ya wahudumu wa wazee kutoka nje, na tangu Machi 2024 walikwisha katazwa kuja na wake zao na watoto. Anayekuuzia barua ya udhamini ni mwizi. Mikono yako lakini ni mizuri, nnaijua. Ukimsimamisha huyu mama vizuri, fikiria fiziotherapia, hospitali ya KCMC huko Moshi wanaisomesha, na Pemba ina njaa ya watu hao.

Mimi kila asubuhi nnasimamisha mama za watu. Wa kwangu nimekuachieni nyinyi, na linaniuma zaidi ya baridi. Kesho baada ya alasiri nipigieni kwa video. Akae ukingoni mwa kitanda, na simu muielekeze chini kwanza, nione visigino.