Mikono ya mtoto kwanza: kwa mwalimu mpya wa darasa la awali

Mwalimu mwenzangu unayeanza darasa la awali, chuoni umeshaambiwa utengeneze zana kwa vitu vinavyopatikana kwenye mazingira. Ni kweli. Ila nilipoanza kazi hapa Tanga hakuna aliyeniambia kwamba zana ya mwalimu na kichezeo cha mtoto ni vitu viwili. Mwaka wangu wa kwanza nilikesha nikitengeneza magari sita ya boksi, nikayapaka rangi na kuyapanga dirishani. Watoto waliyashangilia siku moja. Siku ya tatu magari yalikuwa palepale, na wao wako nje wanakokota kipande cha dumu kilichofungwa kamba. Kamba ile waliifunga wenyewe.

Tangu hapo najiuliza jambo moja tu: kichezeo hiki kinachezwa, na ni mikono ya nani iliyokitengeneza? Kisu, wembe na msumari wa moto nabaki navyo mimi. Mengine nawaachia watoto, hata kama gundi itamwagika.

Chukua gari. Unahitaji boksi la dawa ya meno au la maziwa, kandambili iliyokatika, vijiti viwili vya mshikaki na peni zilizokwisha wino. Jioni nyumbani nakata matairi kwenye soli ya kandambili, nikifuatisha duara la kifuniko cha kopo, na vijiti navikata ncha. Soli ni nzuri kuliko visoda, maana inashika sakafu na kijiti kikiingia kinabana. Hapo pa kubana ndipo wengi wanapokwama. Wanagundisha kijiti kwenye boksi, tairi wanaliacha lilegee. Gari linakwenda hatua mbili, tairi limechomoka. Fanya kinyume chake. Tairi libane kwenye kijiti, kijiti kizunguke ndani ya ganda la peni, na hilo ganda ndilo ligundishwe chini ya boksi. Mtoto wa miaka mitano akikatiwa vipande anaunga yote hayo mwenyewe, na unamwona anavyopuliza tairi kwa mdomo kulijaribu kabla hajaliweka chini.

Tundu likikosa katikati, gari linachechemea. Usikimbilie kulitengeneza! Mwaka juzi mtoto mmoja alilala kifudifudi, jicho likawa usawa wa sakafu, akawa anasukuma gari lake polepole na kutazama tairi likipanda na kushuka. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akaja: "Mwalimu, hili shimo limekaa pembeni." Nikampa duara la karatasi, tukalikunja mara mbili, mikunjo ikakutana katikati. Tukaliweka juu ya tairi jipya, nikatoboa pale alipoonyesha kwa kidole. Ningeliwahi lile gari kabla yake, somo lote lile lingepotea.

Kuhusu mpira: sisi wakubwa tulikua tukiviringisha mifuko ya rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, utoto huo umebadilika, nami siusikitikii mfuko, maana mtoto mdogo akiuvaa kichwani anakosa hewa. Siku hizi naomba vipande vya nguo kwa fundi cherehani, navyo anatoa bure. Watoto wanavishindilia ndani ya soksi kuukuu, tunafunga, halafu tunazungusha kamba zilizochanwa kwenye khanga chakavu. Mpira huu haudundi sana. Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni heri: haumkimbii, na kwenye rede haumuumizi. Chupa ya maji iliyokwisha inawekwa katikati, mtoto anaijaza mchanga huku akikwepa mpira. Nawapa wadogo chupa yenye mdomo mpana ili wasikate tamaa.

Trei ya mayai ina vishimo 30, sita kwa mitano. Kata mistari miwili ya vishimo sita, weka visoda vitatu kila kishimo, una bao la watoto. Kete moja, kishimo kimoja, mkono unasogea. Hesabu inaingia humo bila ubao wala fimbo.

Sasa naomba unisikilize kwa makini kuhusu usalama. Weka darasani bomba la karatasi ya chooni, lile la katikati, lenye upana wa karibu sentimita 4. Kitu kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kisoda kinapita. Kifuniko cha chupa ya maji kinapita. Wewe unafundisha wakubwa kidogo, lakini kichezeo kinakwenda nyumbani, na nyumbani yupo mdogo anayetambaa. Maharage nayo, mtoto akiyasukuma puani yananywa unyevu na kufura. Nimeshampeleka mtoto zahanati kwa harage moja, mama yake akilia njia nzima. Kwa hiyo chupa za manyanga, zile zenye maharage ndani za kutikisa, nazifunga mimi: gundi kwenye nyuzi za kifuniko, kisha selotepu juu yake, na kila Ijumaa nazikagua.

Wala usiwaambie wazazi tu, "Leteni makopo." Niliwahi kusema hivyo, nikaletewa chupa iliyokuwa na dawa ya kuogeshea mifugo. Imeoshwa inang'aa, ila harufu ilikuwepo. Sasa naandika kikaratasi: boksi, soksi, kandambili, trei, chupa za maji. Chini yake naandika visivyotakiwa: vyombo vya dawa za wadudu, vya rangi, na betri za aina yoyote, hata vikisuuzwa. Mzazi asiyesoma namweleza mlangoni anapomchukua mtoto.

Boksi halidumu. Mvua moja tu, limekwisha. Zamani nilitupa yaliyovunjika baada ya watoto kuondoka. Sasa nyuma ya mlango kuna beseni tunaloliita gereji. Gari bovu linalazwa humo na matairi yake. Asubuhi, kabla ya kengele, huwakuta wawili watatu wameshachuchumaa hapo, mmoja anachomoa kijiti, mwingine ameshika boksi jipya la maziwa na kuuliza tairi la nyuma limeenda wapi.